Kabureta moja, bei kumi: namna ya kununua spea adimu za Land Rover ya zamani mtandaoni

Nilipoanza kutafuta kabureta kwa ajili ya Land Rover 109, ile ndefu, ya marehemu baba, nilikaa na simu tangu saa mbili usiku hadi saa sita. Ilikuwa Zenith 36IV, kabureta ya kawaida kabisa kwa gari hilo, na wauzaji wa Uingereza walikuwa nayo tele. Ila bei ya juu ilikuwa mara saba ya bei ya chini. Picha zilifanana, maelezo yalifanana. Nikachagua ya bei ya katikati, nikiamini katikati ndiko kwenye usalama. Mzigo ulipofika, fundi aliigeuza mkononi mara moja tu, akashika kile kijiti kinachobeba kipepeo cha hewa na kukitikisa. Kilicheza kama jino la mtoto. Nilikuwa nimenunua kabureta iliyochakaa kuliko ile niliyotaka kuibadilisha.

Tangu hapo nimeagiza spea nyingi kutoka nje, na jambo moja limejirudia: bei za spea ya gari la zamani zinapopishana kupita kiasi, mara nyingi vitu vyenyewe havifanani. Vina jina moja, picha moja, hata namba moja, lakini ni vitu tofauti. Hatua zifuatazo ni za kukusaidia kuiona tofauti hiyo kabla hujalipa. Mifano yangu inatoka kwenye Series III, toleo la Land Rover lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, kwa sababu ndiyo ninayoijua. Mwenye Peugeot 504 au Datsun ya zamani atabadilisha majina tu.

Hatua ya kwanza: jua gari lako lina nini leo

Usianze na mtandao. Anza na tochi, kitambaa na brashi ya waya, uingie chini ya gari.

Kwetu hapa gari la miaka 45 limepita mikono mingi. Lilikuwa la mradi wa maji, likauzwa mnada wa serikali, likalima barabara za mashambani, likafungwa injini ya gari jingine lililokufa. Namba ya chesisi inakwambia gari lilizaliwa vipi. Haikwambii lina nini sasa. Kwa hiyo andika namba tatu: ya chesisi, ya injini na ya giaboksi, kila moja isomwe kwenye chuma chenyewe, pamoja na herufi inayofuata mwishoni. Herufi hiyo ina maana kubwa. Land Rover walikuwa wakibadilisha mambo ndani ya giaboksi na kuongeza herufi tu, kwa hiyo gia ya giaboksi yenye herufi A inaweza isiingie kwenye yenye herufi C.

Injini ya petroli ya cc 2286 ni mfano mzuri. Mpaka 1980 krenki yake ilikaa juu ya beringi kuu tatu, kisha wakahamia tano. Ukiwa umesimama mbele ya boneti, injini hizo mbili zinafanana. Mtu akiuza seti ya beringi kwa bei nzuri sana akaandika tu “Series III petroli”, hajakwambia lolote la maana.

Ekseli ya nyuma nayo ichunguze kwa macho. 109 nyingi za Series III zina ekseli ya Salisbury, ile yenye difu kubwa na kifuniko cha bati kwa nyuma kilichofungwa kwa boliti. Saidi shafti zake, vile vyuma virefu vinavyozungusha magurudumu, zina meno 24. Ekseli ya aina ya Rover, iliyotumika kwenye 88, lile gari fupi, na kwenye 109 za zamani, ina saidi shafti za meno 10. Breki vilevile: 109 ina drami za inchi 11, wakati 88 nyingi zina za inchi 10. Nimeona watu wakisifu punguzo la bei la viatu vya breki, kumbe ni vya gari fupi.

Piga picha kila kitu, na weka rula kando yake. Picha hizo utazitumia mpaka hatua ya mwisho.

Hatua ya pili: tafuta namba ya spea, na ndugu zake

Kila kipande cha Land Rover kina namba kwenye vitabu vya spea vya kiwanda. Za zamani ni tarakimu tupu, kwa kawaida sita. Baadaye zikaja zenye herufi mbele, kama RTC, FRC, ETC au STC. Spea moja huweza kuwa na namba tatu katika maisha yake: ya kwanza ikafutwa, ikaja ya pili, nayo ikapisha ya tatu.

Hapa ndipo tofauti ya kwanza ya bei inapozaliwa. Muuzaji mkubwa huorodhesha kwa namba ya sasa. Mzee aliyefunga duka lake la spea vijijini Uingereza huorodhesha namba iliyo kwenye boksi, ya mwaka 1974. Ukitafuta kwa namba moja tu unaona nusu ya soko. Tafuta kwa zote, na kila moja iandike ikiwa imeungana na ikiwa na nafasi katikati, maana watu huandika wapendavyo.

Hatua ya tatu: panga matangazo katika mafungu

Hii ndiyo hatua inayookoa fedha nyingi kuliko zote, nayo ndiyo watu wanayoiruka. Chukua daftari. Andika kila tangazo ulilolipata, bei yake, kisha uliweke kwenye fungu lake. Usilinganishe kamwe bei za mafungu mawili tofauti.

Fungu la kwanza ni spea mpya za stoo ya zamani: hazijatumika, zimetengenezwa enzi ya gari lenyewe, bado ziko kwenye boksi la kiwanda. Hizi ndizo zenye bei za kushtua. Wanaozinunua ni wanaokarabati magari kwa ajili ya maonyesho, watu wanaotaka hata tarehe iliyopigwa muhuri kwenye taa ya Lucas, kampuni ya vifaa vya umeme vya magari, ikaribiane na tarehe ya gari kutoka kiwandani. Wanalipia ule muhuri. Kama gari lako linabeba mahindi na watoto wa shule, muhuri huo haukuhusu.

Tena kwa vitu vya mpira, stoo ya zamani ni hasara hata ikiwa bure. Sili za breki, mipira ya maji, kiwambo cha pampu ya mafuta: mpira huzeeka ndani ya boksi. Mpira wa miaka 40 huweza kupasuka mara tu ukipata joto. Na viatu vya breki vya enzi hizo vilitengenezwa kwa asbesto, vumbi lake huua mapafu. Usimnunulie fundi wako kifo kwa sababu boksi linavutia.

Fungu la pili ni jenuini za sasa, zenye boksi la Land Rover. La tatu ni spea za kiwanda kilekile kinachoiuzia au kilichokuwa kikiiuzia Land Rover, ila zikiwa kwenye boksi la kiwanda hicho. Fungu hili mimi nalipenda kuliko yote, kwa sababu mara kwa mara unapata chuma kilekile bila kulipia nembo. Lakini uwe macho: majina ya zamani kama Lucas yamekuwa yakitolewa kwa leseni, kwa hiyo jina kwenye boksi la leo halimaanishi kiwanda cha mwaka 1975.

La nne ni spea mbadala, ambazo sisi huziita kopi. Usizihukumu kwa pamoja. Kuna kopi za bawaba za milango na vioo vya pembeni zisizo na kasoro yoyote, na kuna kopi za kabureta ambazo matundu yake hayajachongwa sawasawa, gari likalala barabarani kila likipanda mlima. Uliza kwa spea moja moja. Kanuni yangu: kopi kwenye bodi, naam; kopi kwenye breki, usukani na mfumo wa mafuta, hapana, mpaka nimpate mtu aliyeitumia mwaka mzima.

La tano ni zilizotumika, na la sita ni zilizofanyiwa ukarabati. Fungu la sita lina utata. Neno “imekarabatiwa” halina mipaka. Kwa mmoja ni kabureta iliyofunguliwa, ikachongwa upya mahali pa kijiti na kuwekwa bushi mpya. Kwa mwingine ni kabureta iliyooshwa kwa petroli ikang’aa. Bei zao zinaweza kulingana.

Kuna mambo mawili mengine yanayopotosha bei. Baadhi ya maduka huuza spea iliyokarabatiwa kwa masharti ya kurudisha yako mbovu. Usipoirudisha, na kutoka Tanga au Kitale hutairudisha, unatozwa pesa ya dhamana juu ya bei. Na baadhi huonyesha picha ya jozi wakati bei ni ya kipande kimoja. Soma mstari wa mwisho wa maelezo.

Hatua ya nne: tazama bei iliyolipwa

Bei iliyoandikwa kwenye tangazo ni tamaa ya muuzaji. Bei ya kweli ni ile ambayo mtu mwingine alikubali kutoa. Kwenye eBay kuna chujio linaloonyesha vitu vilivyokwisha kuuzwa. Liwashe, na uangalie kila tangazo lililotimia kwa ajili ya spea yako. Kisha lizime ulinganishe: mara nyingi utaona wingu la matangazo ya bei kubwa ambayo hakuna hata moja lililonunuliwa.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiliona tangazo lilelile mwezi wa tatu, na mwezi wa sita bado lipo, muuzaji huyo anasubiri mtu mwenye haraka. Wengine hawana hata mzigo: wameorodhesha namba elfu kumi kutoka kwenye katalogi, wakaweka bei kubwa, na ukilipa ndipo wanaanza kuitafuta kwa mwenye bei ya chini. Dalili yake ni picha ya katalogi badala ya picha halisi, na muda wa kutuma usioeleweka.

Upande wa pili kuna bei ndogo za haki. Mtoto anasafisha banda la baba yake aliyefariki, hajui alichonacho, anauza kreti nzima. Fursa hizo zipo, lakini ni za mtu aliyejiandaa. Asiyejua namba yake atazipita bila kuzitambua.

Kama gari linatembea, jipe wiki sita za kuandika bei kabla ya kununua chochote. Kama limesimama na ndilo linaloleta chakula, ruka subira hii, nunua fungu la tatu, uendelee na maisha.

Hatua ya tano: tafuta pale ambapo wengine hawatafuti

Jeshi la Uingereza lilitumia Land Rover kwa maelfu, na spea zake zilipewa namba za NATO zenye tarakimu 13. Tarakimu nne za kwanza hutaja aina ya kifaa, mbili zinazofuata hutaja nchi, na 99 ni Uingereza. Ukiona namba inayoanza 2530-99, ujue ni kitu cha usukani, ekseli, breki au magurudumu. Wauzaji wa mabaki ya jeshi huorodhesha kwa namba hiyo peke yake, wakati mwingine bila hata kutaja Land Rover, na bei yao huwa ndogo kwa sababu wanunuzi wengi hawawaoni.

Ila kuna mtego. Land Rover za jeshi zilizotengenezwa kwa ajili ya redio zilikuwa na umeme wa volti 24. Jenereta, stata, koili na distributa za magari hayo huuzwa rahisi na hazikufai wewe mwenye volti 12. Uliza volti kabla ya kufurahi.

Njia nyingine ni kuacha kutafuta jina la Land Rover kabisa. Beringi na sili nyingi ni za vipimo vya kawaida vya viwandani. Ioshe beringi yako, soma namba iliyochongwa ubavuni, nenda nayo kwenye duka la beringi mjini. Mara ngapi mtu ameagiza kutoka ng’ambo kitu kilichokuwa Gerezani jijini Dar au Kirinyaga Road jijini Nairobi! Umeme pia ni hivyohivyo. Distributa ya Lucas 45D4 ilitumika kwenye magari mengi ya Kiingereza, kwa hiyo kifuniko chake, rota na pointi huuzwa pia kwa jina la Mini na la MG. Distributa nzima ndiyo usiibadilishe kiholela, maana namna inavyowahisha cheche inatofautiana gari kwa gari.

Na tafuta kwa lugha nyingine. Waholanzi, Wajerumani na Wafaransa wanazo Land Rover nyingi. Andika “Vergaser” au “carburateur” pamoja na namba yako. Kuhusu Hispania uwe mwangalifu: kampuni ya Santana ilitengeneza Land Rover kwa leseni huko Linares kuanzia 1958, na vipande vyake vingine vilikwenda njia yake. Ukiona spea ya bei nzuri kutoka huko, linganisha vipimo kwa rula.

Hatua ya sita: muulize muuzaji

Mwandikie ujumbe mfupi wenye heshima. Muombe picha ya namba iliyopigwa kwenye spea, picha ya sehemu zinazochakaa, na kipande cha karatasi chenye tarehe ya leo kikiwa kando yake. Kama anasema imekarabatiwa, muulize ni nini hasa kilichobadilishwa. Muulize pia nini kinakosekana.

Swali hilo la mwisho nililijua kupitia ovadraivu ya Fairey, ile giaboksi ndogo ya ziada inayofungwa nyuma ya ile ya kawaida. Ina uwiano wa 0.782, yaani kwa mwendo uleule injini inazunguka polepole kwa zaidi kidogo ya moja ya tano. Kwa anayesafiri Dodoma hadi Arusha ni neema ya masikio na ya tangi. Bei zake hupishana kuliko spea yoyote niliyowahi kuifuatilia, na sababu kubwa ni ukamilifu. Ya bei ndogo haina nondo yake, au haina vipande vya kuiunganisha na giaboksi, na vipande hivyo ukivinunua kimoja kimoja unaipita bei ya iliyokamilika.

Muuzaji asiyejibu maswali matatu ya adabu, muache.

Hatua ya saba: piga hesabu mpaka mlangoni kwako

Duka la Uingereza lililosajiliwa kwa VAT huonyesha bei yenye kodi ya asilimia 20 ndani yake. Mzigo unaotoka nje ya nchi hiyo unaweza kuuzwa bila kodi hiyo, lakini wengi hawaiondoi usipoomba. Pauni 120 zinakuwa 100. Mtu binafsi hana kodi ya kuondoa.

Kisha kodi za kwetu hutozwa juu ya bei ya mzigo pamoja na usafiri na bima. Kiwango cha ushuru muulize wakala wa forodha kwa spea yako hasa. Tuseme, kwa mfano tu, ni asilimia 10, na VAT ya Tanzania Bara ni asilimia 18.

Muuzaji wa dukani: pauni 100 baada ya kuondoa kodi, usafiri na bima 50, jumla 150. Ushuru 15. VAT juu ya 165 ni 29.70. Jumla 194.70.

Mtu binafsi: pauni 60, usafiri 60 kwa sababu hana mkataba na kampuni ya vifurushi, jumla 120. Ushuru 12. VAT juu ya 132 ni 23.76. Jumla 155.76.

Kwenye skrini bei ya dukani ilikuwa maradufu, pauni 120 kwa 60. Mlangoni kwako ni zaidi kwa robo tu, na ya dukani mara nyingi ina haki ya kurudishwa. Tangu nijifunze hesabu hii, nimeacha kukimbilia bei ndogo ya kwanza ninayoiona.

Vitu vikubwa vina kanuni yake. Kampuni za vifurushi vya ndege huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha wengi hugawanya kwa 5,000, na jibu ndilo uzito unaolipia kama linazidi mizani. Boksi la 100 kwa 60 kwa 30 linalipiwa kilo 36 hata kama ndani kuna madigadi ya alumini ya kilo tano. Mabati ya bodi yaache yaje kwa meli. Ndugu zetu wa Uingereza wanaojaza makontena kuja Dar na Mombasa hupokea vifurushi vya watu wengine kwa malipo kidogo. Au tafuta fundi wa bodi anayejua kunyoosha alumini, kwa sababu alumini ya bodi ya Land Rover haiozi kwa kutu kama bati la kawaida. Hujikunja, na kilichojikunja hunyooka.

Kabla ya kubonyeza kulipa

Rudi kwa fundi na ile spea yako ya zamani. Kabureta ya Zenith ina ugonjwa unaojulikana: kifuniko chake hupinda kwa joto na o-ringi iliyo chini yake hufa, petroli ikavuja ndani na injini ikalewa mafuta. Fundi mvumilivu husawazisha uso huo kwa msasa wa maji uliolazwa juu ya kioo, akaweka o-ringi mpya na gasketi. Ndivyo tulivyofanya mwishowe. Kabureta ya baba ndiyo iliyomo garini mpaka leo, na gharama yake ilikuwa kifurushi kidogo cha gasketi kilichokuja ndani ya bahasha.

Malipo na mapokezi

Lipa ndani ya jukwaa ulilokutana na muuzaji, usihamie kwenye kutuma fedha pembeni hata akikupunguzia. Mzigo ukifika, upige picha ukiwa umefungwa, kisha wakati unafungua. Leta picha zako za hatua ya kwanza, weka rula ileile kando ya spea mpya, hesabu meno, pima matundu ya boliti. Fanya hivyo siku hiyohiyo, kabla fundi hajaifunga na kuipaka grisi, kwa sababu spea yenye alama za spana hairudishwi.